Kati ya Sensa Mbili

Hudson Oketcho alikuwa mpagazi katika stesheni ya Tororo, na kwa miaka yote aliyobeba mizigo ya watu hakuwahi kufika mbali kuliko Mbale. Hata hivyo miji ya Uganda aliijua kwa mpangilio wake, kama mtu anavyowajua ndugu zake kwa kufuatana kuzaliwa. Ungemwuliza wakati wowote, hata akiwa na sanduku kichwani, angekujibu bila kusimama: Kampala, Jinja, Mbale, Entebbe. Hapo alinyamaza kidogo, kwa sababu baada ya hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Watu wa Uganda walikuwa wamehesabiwa mara ya mwisho mwaka wa 1959, kabla ya uhuru. Tangu hapo nyumba zilikuwa zimejengwa, watu wamezaliwa na wengine wamehama, na hakuna aliyejua tena kwa hakika ni mji gani umeupita mwingine. Nafasi ya tano ilikuwa ya yeyote mwenye kuweza kuitetea. Hudson aliitetea kwa ajili ya Tororo, na ushahidi wake ulitoka mabegani.

"Mji mkubwa wewe hapana angalia nyumba," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Angalia mzigo ya watu."

Alikuwa na hoja. Tororo ndipo reli inapogawanyika: njia moja inaelekea Jinja na Kampala, nyingine inapanda Mbale, Soroti, Lira, hadi Gulu. Abiria wa kila upande walishuka hapo kubadilisha gari la moshi, na Hudson aliwapokea. Mtu atokaye mji mdogo, alisema, hubeba kuku, gunia la wimbi na mkeka, na hukuachia vyote uende navyo huku yeye akisalimia watu. Atokaye mji mkubwa hubeba kisanduku kidogo kizito kilichofungwa kwa kamba mpya, na haondoi macho yake mgongoni mwako. Kwa kipimo hicho Kampala haikuwa na mpinzani. Entebbe haikuwa na reli, kwa hiyo hakuwahi kubeba kisanduku chake hata kimoja. Aliiacha katika nafasi ya nne kwa sababu magazeti yalisema hivyo, lakini kwa shingo upande.

Mchana, gari la asubuhi likishaondoka na la jioni likiwa bado mbali, alikaa juu ya mkokoteni kwenye kivuli cha ghala la mizigo. Moshi wa kiwanda cha simenti ulipita taratibu mbele ya jabali kubwa lililosimama juu ya mji, na reli zilimeremeta kwa jua mpaka zikaonekana kama maji. Wakati huo miji ilimjia. Kampala alikuja kama kaka mkubwa aliyenenepa, amekaa juu ya vilima vyake na hana haja ya kuinuka. Jinja alizungumza bila kupumzika, maana maji hayanyamazi. Mbale alikuwa msafi, amefagia uwanja hadi chini ya mlima, akiwatazama wageni miguu kabla hawajaingia. Tororo alikuwa mdogo wao, aliyetumwa kufungua lango kila mtu anapopita, na Hudson alimwona akirefuka kidogo kidogo pale langoni bila wakubwa wake kugundua. Nyakati nyingine gari la jioni lilifika na kumkuta bado anatabasamu.

Mwenzake wa kazi, Nashon Maloba, aliyevuka kutoka Malaba ya Kenya kila asubuhi, hakumwacha aote kwa raha.

"Oketcho, Tororo si mji, ni mlango," alimwambia. "Watu wanapita. Umeona wapi watu waliosimama mlangoni wakahesabiwa kuwa ni wa nyumba?"

"Ngoja tu, Nashon. Kiwanda naandika watu wapya kila mwezi. Safari hii wakihesabu, sisi napita Soroti, napita Gulu, nakwenda kukaa nyuma ya Entebbe."

"Na mkifika huko mtakula nini? Nafasi ya tano?"

"Wewe una wivu. Kwenu Malaba hata mlango si mzima, nusu iko huku kwetu."

Wapagazi wengine walicheka, na Nashon alicheka kuwazidi.

Nyumbani, katika nyumba za reli, kulikuwa na mkewe Selpher, Msamia wa Busia upande wa Kenya. Walikuwa wamepata watoto wawili, na wote wawili hawakumaliza mwezi. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Alitembea polepole, akishika ukuta kwa mkono mmoja, na usiku alilala kwa ubavu akisikiliza.

Huko alikolelewa Selpher watu hawahesabiwi. Unawaita kwa majina, unawapakulia kwa kuwatazama nyuso, na ukiulizwa wako wangapi unajibu tu kwamba wapo. Kutamka idadi yao ni kama kumwonyesha adui pa kuanzia. Mama yake, Leonida, alikuwa amezaa watoto wengi, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akitaja ni wangapi. Hudson aliyajua haya. Kwao Nabuyoga, kwa mama yake Awor, mambo yalikuwa hayo hayo. Lakini yeye aliyachukulia kama heshima za nyumbani, ambazo mtu huzishika akiwa huko na kuziacha langoni anaporudi mjini.

Mwezi wa Agosti 1969 ulipofika, serikali ilitangaza kwamba watu wote wa Uganda watahesabiwa pale watakapolala usiku wa Jumatatu, tarehe kumi na nane. Siku chache kabla, mwalimu mmoja wa shule alipita kwenye nyumba za reli akiwa na chaki, akiandika alama kwenye milango ili kazi yake iwe rahisi baadaye. Alipofika kwa Hudson ilikuwa jioni. Majirani walikuwa nje, na Selpher alikuwa kizingitini akichambua mchele kwenye ungo.

"Humu wanalala wangapi?" mwalimu aliuliza.

"Andika watatu, mwalimu," Hudson alisema.

Mwalimu alichungulia ndani. "Nakuona wewe na mama. Wa tatu yuko wapi?"

Hudson alinyoosha kidole kwenye tumbo la mkewe. "Huyu hapa! Yeye nakula chakula yangu tayari. Mwandike, Tororo ipande."

Majirani wakaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka, akasema asiyezaliwa haandikwi, akachora alama yake na kwenda mlango wa pili. Selpher hakucheka. Alikuwa ameweka ungo chini. Mtoto wa kwanza alipokuwa tumboni, Hudson alitangaza stesheni nzima kwamba wamekuwa watatu. Wa pili alipokuwa tumboni, akatangaza tena. Mara zote mbili Selpher alisikia na kunyamaza, akijiambia kwamba ni furaha tu ya mume.

Usiku ule alipika na kupakua kama kawaida. Kesho yake Hudson alipokuwa kazini, alifunga nguo zake, akamwambia jirani, "Mwambie Oketcho niko kwa mama. Siwezi kukaa mahali ninapohesabiwa na tumbo hili," akapanda basi la Busia.

Hudson alipopewa ujumbe huo alikaa kitandani, kofia ya kazi bado kichwani. Alifikiri kwamba atarudi. Hakurudi. Jumatatu ya sensa ikaja, na mji ulitulia mapema kuliko siku zote, hata vilabu vya pombe vilikuwa kimya. Hudson alikuwa ameingoja siku hiyo kwa muda mrefu. Alikuwa amejiwazia nchi nzima imelala chali chini ya blanketi moja, na mkono mkubwa mpole unapita juu yake, ukigusa vichwa kimoja kimoja, Kampala kwanza, kisha Jinja, mpaka ufike Tororo na kushangaa jinsi mdogo huyu alivyokua. Sasa alijilaza upande wake wa kitanda, na kila alipowaza mkono ule unakaribia, alitamani upite mbali.

Jumanne mwalimu alirudi na makaratasi.

"Walilala wangapi?"

"Mimi."

"Na mama?"

"Yuko kwao. Kenya."

Mwalimu aliandika, akamtazama, akaondoka bila mzaha wowote.

"Kwa hiyo wewe mwenyewe umeiangusha Tororo," Nashon alimwambia walipokuwa wakipakua magunia. Kisha alimwona uso, akabeba gunia la Hudson pamoja na lake.

Hudson hakujua kama aliamini kwamba hesabu inaweza kumwua mtoto. Alilijaribu wazo hilo kutoka kila upande, na kila mara lilimponyoka. Alichokijua ni kwamba Selpher aliamini, kwamba aliwazika wawili akiamini hivyo, na kwamba yeye, mume wake, ndiye aliyenyoosha kidole. Mwanamke anayebeba mimba pamoja na hofu halali. Na asiyelala, atapata wapi nguvu za kuzaa?

Katikati ya wiki Nashon alifika kazini akilalamika. "Mlituambukiza. Sasa ni zamu yetu. Jumapili usiku Kenya nzima inahesabiwa. Walimu wetu nao wanazunguka na chaki, kuanzia Malaba mpaka Busia."

Hudson alisimama na mkokoteni wake katikati ya jukwaa, abiria wakimpita huku na huku. Selpher alikuwa ameikimbia hesabu ya nchi moja akaenda kujificha ndani ya hesabu ya nchi nyingine, na huko kwa mama yake, nje ya mji, pengine hakuna aliyekuwa amewaambia bado. Mtu pekee aliyeijua njia ya kuzikwepa zote mbili alikuwa yeye. Tororo ilikuwa imekwisha hesabiwa. Mtu angeweza kulala pale Jumapili na asiulizwe na yeyote.

Aliomba ruhusa kwa stesheni masta, na Jumamosi asubuhi akapanda basi. Pale Busia alivuka mpaka kwa miguu katikati ya wachuuzi wa samaki na nguo, akashika njia ya kwenda kwa kina Selpher. Mlango wa nyumba ya kwanza aliyoipita ulikuwa na alama ya chaki. Wa pili pia.

Uani kwa Leonida alisimama mbali na mlango. Mkwe wa kiume haingii kwa mama mkwe wake namna hiyo, wala hamtazami usoni. Alikohoa. Mlio wa kinu ukakoma, na sauti ya Leonida ikatoka nyuma ya ukuta wa jiko.

"Nani anakohoa hapo?"

"Ni mimi, mama. Oketcho."

"Oketcho yupi? Yule karani wa tumbo za watu?"

Hudson aliinamisha kichwa, ingawa hakuna aliyemwona. "Ndiyo, mama. Huyo."

"Umekuja na chaki yako?"

"Hapana, mama. Lakini chaki nakuja. Mimi nimeona milango ya jirani. Kesho usiku Kenya nahesabu watu."

Kisha Leonida alisema kwa mshangao wa kweli, "Mmemaliza kwenu, sasa mnatuletea sisi?"

"Si mimi nimeleta, mama."

"Wewe unapofika, hesabu inafika. Nimlaumu nani mwingine?"

Ndani ya nyumba mtu alicheka kidogo, kicheko kilichobanwa kwa kiganja. Hudson alikitambua. Aliongea haraka kabla moyo haujamshinda. Alieleza kwamba Tororo imekwisha, kwamba mwalimu hatarudi, kwamba Selpher akilala kule kesho atakuwa hajaandikwa huku wala kule. Hakuna nchi itakayomgusa.

"Na azae mikononi mwa nani?" Leonida aliuliza. "Wale wawili walizaliwa huko kwenu, mimi sikuwapo. Huyu namtaka mikononi mwangu."

"Basi kuja na wewe, mama."

"Nije nilale wapi? Nyumbani kwa mkwe wangu?" Leonida aligonga ukuta kwa kiganja. "Umewahi kuona wapi jambo hilo?"

Hudson hakuwa ameona. Chumba chao cha reli kilikuwa kimoja, na mama mkwe hawezi kulala chini ya dari moja na mume wa binti yake. Alitazama kuku waliokuwa wakiparua majivu. Kisha akasema, "Nyumba ni yenu. Mimi nitalala ghalani, stesheni. Mpaka mtoto atoke, mpaka wewe mwenyewe useme. Mlango ule mimi sivuki."

Hapo Selpher alitokea, akiegemea mwimo wa mlango. Alikuwa amevimba miguu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Oketcho, nisikilize," alisema. "Sikukimbia Tororo. Nilikimbia mdomo wako. Nikirudi, utauzuia?"

"Nitauzuia."

"Hata Nashon akikuchokoza?"

"Hata yeye."

Selpher alimtazama kwa muda mrefu kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka. Hakusema kwamba anamwamini. Alisema tu, "Mama, tafuta shuka zako."

Waliondoka Jumapili, jua likiwa juu. Kati ya vituo viwili vya mpaka, vijana wa baiskeli walikuwa wakibeba watu kwenye viti vya nyuma vilivyoshonewa mito. Selpher akapandishwa kimoja kwa uangalifu, na Hudson akatembea ubavuni ameshika kiti. Leonida alikataa baiskeli kabisa. Alitembea nyuma yao kwa umbali wa heshima, furushi la shuka kichwani, akimkemea mwendesha baiskeli kila gurudumu lilipogusa jiwe.

Upande wa Uganda kulikuwa na foleni. Askari aliyekuwa mezani alikuwa amechoka na joto, na hakuinua macho.

"Mko wangapi?"

Mkono wa Selpher ulikaza kwenye bega la Hudson.

"Ni mimi, Oketcho wa reli," Hudson alisema. "Na mke yangu, Selpher. Na yule kule ni mama yake."

"Sikuuliza majina. Nimeuliza mko wangapi."

"Afande, sisi ni hawa nakuona."

Askari aliinua macho sasa. Nyuma yao mwanamke mwenye beseni la samaki alipaza sauti, "Wewe mwanamume, shule ulikwenda kufanya nini? Sema idadi samaki wangu wasioze!" Foleni ikacheka. Nashon mwenyewe asingeweza kusema vizuri zaidi. Neno lilikuwa pale mdomoni, neno dogo ambalo alikuwa amelitamka maisha yake yote bila kufikiri, na lingemaliza kila kitu mara moja.

"Afande," alisema, "mimi sijui kuhesabu."

"Mtu wa reli hajui kuhesabu?"

"Leo sijui."

Askari alimtazama, akamtazama mwanamke aliyekuwa juu ya baiskeli, tumbo lake, na mkono uliokaza begani kwa mumewe. Alikuwa kijana wa mahali fulani na alikuwa na mama mahali fulani. Aliweka kalamu chini.

"Mama, pita," alimwambia Selpher. "Na huyu asiyejua kuhesabu apite. Na yule bibi."

Selpher hakuliachia bega la mumewe mpaka walipofika kwenye basi. Alipokaa, alilaza kichwa chake kwenye dirisha, akafumba macho, akalala usingizi mzito, mdomo wazi, njia nzima mpaka Tororo. Hudson alisimama karibu yake bila kushika pengine isipokuwa chuma cha kiti. Mashamba ya mihogo na pamba yalipita nje, vibanda, watoto waliopunga mikono, makanisa ya mabati yaliyometameta, na kwa mara ya kwanza hakujiuliza mahali hapo pana watu wengi kiasi gani.

Kwa siku mbili alilala ghalani kati ya magunia. Alfajiri alipita nje ya nyumba yake na kukohoa, na Leonida alijibu kutoka ndani, "Bado." Jumanne, wakati makarani wa Kenya wakipita nyumba kwa nyumba ng'ambo ile, alikohoa na hakujibiwa. Alisikia nyayo, maji, sauti ya Selpher ikishuka chini sana, kisha kimya. Aliweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na baridi ya umande.

Mtoto alilia. Alilia kwa hasira, akanyamaza kidogo kuvuta pumzi, akalia tena kwa nguvu kuliko mwanzo.

"Mkwe," Leonida alisema kutoka upande wa pili, sauti yake ikiwa karibu kabisa na kiganja chake. "Maji hayatoshi."

Ndoo ikasukumwa nje kupitia mlango uliofunguliwa kidogo. Hudson aliichukua akaenda nayo bombani. Wanawake wa nyumba za reli walikuwa wamekwisha panga madebe yao kwa foleni ndefu, na mwanamume hakuonekana pale isipokuwa kwa sababu moja, mkewe kujifungua. Walimtazama uso, wakatazama ndoo. Aliyekuwa wa kwanza alisogeza debe lake pembeni, na wa nyuma yake naye akasogeza, mpaka njia ikawa wazi, na Hudson Oketcho akaiweka ndoo yake chini ya bomba akasimama kuisikiliza ikijaa.